Miezi Mitatu Pwani ya Ashkhara

Marhoun bin Nasr alikuwa kiguu na njia tangu hajaota ndevu. Kwao Nzega, huko Unyamwezini, alipewa usukani wa lori la pamba la baba yake akiwa na miaka kumi na saba, na familia ilipohamia Omani mwaka 1972 kazi ya kwanza aliyoitafuta ilikuwa ya gari. Akaipata. Miaka ishirini na tisa aliendesha gari la maji la serikali, akipeleka maji katika vijiji ambavyo visima vyake vimekauka, Sharqiya nzima na Dakhiliya mpaka Adam kunakoanza jangwa. Nizwa aliijua kwa mashimo ya barabara zake kabla hazijatiwa lami, na Sur aliijua kwa duka gani lina chai nzito. Nyumbani kwake Ibra alilala siku za kuhesabika katika mwezi.

Kisha mwaka 2003 wakamstaafisha. Walimpa saa ya ukutani na barua yenye muhuri, wakamwambia apumzike. Apumzike vipi? Mtu aliyezoea kuamka na kuwasha injini huwezi kumwambia akae mkekani anywe kahawa mpaka Mungu amchukue. Alikuwa akirudi msikitini alfajiri anazunguka uani, anafungua boneti ya Landkruza yake isiyo na ugonjwa wowote, anachungulia, anaifunga. Saa tatu anaihamisha kutoka kivuli cha mtende huu hadi kivuli cha mtende ule. Saa nne anairudisha. Mkewe Kuruthum, mzaliwa wa Unguja na fundi wa kofia ambaye mkono wake unajulikana soko zima la wanawake la Jumatano, alimwambia siku moja kwamba hata kuku, akiwa na yai la kutaga, hutafuta mahala akatulia. Marhoun akacheka, akachukua ufunguo, akaenda kutazama matairi ambayo hakuwa na haja nayo.

Karavani aliiona Sur, mwanzoni mwa mwaka 2004. Mhandisi mmoja Mholanzi alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, na nje ya nyumba yake kulikuwa na kijumba cheupe juu ya magurudumu mawili, kina madirisha, jiko la gesi, sinki la kuoshea vyombo na meza ambayo ukiishusha inageuka kitanda. Marhoun aliingia ndani, akafungua makabati yote, akayafunga, akafungua bomba la maji ingawa tangi lilikuwa tupu. Moyo ulimdunda kama kijana anayeposa. Jioni ile ile aliifunga nyuma ya Landkruza akarudi nayo Ibra taratibu, na madereva waliompita njiani wakampigia honi.

Jirani yake Zuhair, mtu wa mizaha, alitoka nje na kikombe mkononi akatangaza kwamba nyumba ya Marhoun imezaa. Watoto wa mtaa walijaa. Kuruthum alisimama mlangoni na sindano na kofia aliyokuwa akiitarizi, akaitazama ile karavani kutoka juu hadi chini, akauliza italala wapi.

Mpango wenyewe Marhoun alikuwa ameupanga njiani, na usiku haukumalizika ila umo ndani ya daftari la shule. Kiangazi cha Ibra ni moto mtupu. Vipimajoto hufika hamsini kasoro na ukuta wa nyumba ukiugusa unakurudishia mkono. Lakini siku hizo hizo, mwendo wa saa mbili na nusu tu kwa gari, Ashkhara kwenye bahari kubwa huvuma upepo wa kusi wa baridi, watu wakakaa ufukweni wamejifunika shali. Yeye alikwisha kuyaona hayo mara ngapi, amesimamisha gari la maji dakika kumi, kisha kazi ikamwita. Sasa hakuna wa kumwita. Wangeondoka katikati ya Juni. Mwezi na nusu Ashkhara, juu kidogo ya mchanga mkavu ambapo maji hayafiki. Kisha Asila. Kisha Ras al-Hadd, wakati kasa wanapopanda kutaga, na mwisho Sur, alikokuwa akisomesha binti yao Jumana. Aliandika lita za maji kwa siku, mitungi ya gesi, mambo za chuma, yaani vigingi vya kuifungia karavani isipeperushwe, viti viwili vya kukunja. Alipiga mstari chini ya neno viwili.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hilo. Safari za peke yake alikwisha kuzishiba. Thelathini kasoro kidogo ya miaka mke huyu alimfungulia mlango na kumfungia, akalea watoto na homa zao, na yeye yuko barabarani anasikiliza redio. Sasa wamebaki wawili ndani ya nyumba na hawajui wazungumze nini ikishapita habari ya chakula. Marhoun aliogopa jambo hilo kuliko alivyopata kuogopa bonde lenye mafuriko. Alitaka Kuruthum aende naye. Asipokwenda, basi karavani ni bati tu.

Alimweleza kesho yake baada ya kahawa. Kuruthum alisikiliza huku sindano inakwenda.

"Miezi mitatu?" aliuliza.

"Mitatu."

"Ndani ya hilo?"

"Ndani tutalala tu. Kukaa tutakaa nje, tunatazama bahari."

Akakata uzi kwa meno. "N'takujibu, Baba Anas."

Hakujibu wiki ile, wala iliyofuata. Na sababu za kusita alikuwa nazo, hata Marhoun alizijua. Miezi hiyo mitatu ndiyo msimu wa tende, ambao wenyewe wanauita qaidh, na tangu enzi za mababu watu wa pwani ndio wanaohamia bara kuzifuata tende na vivuli vya mitende. Nani alipata kusikia mtu wa Ibra anazikimbia tende zake kwenda kukaa mchangani? Jamaa wa Maskati wangekuja na watoto wao. Na zile tende za mabsali lazima zichemshwe kwenye masufuria makubwa ya shaba kisha zianikwe, na pale mtaani kwao aliyekuwa akisimamia kazi hiyo upande wa wanawake alikuwa Kuruthum. Mtoto wa Mjini Unguja, aliyefika Ibra hajui mtende dume na jike, leo wenyeji wanamngoja yeye aseme sufuria limeiva.

Watoto nao walikuwa na lao. Anas, mkubwa, mfanyakazi wa benki Nizwa, alikuja siku ya Alkhamisi, akaamkia shikamoo, akaizunguka karavani mikono nyuma kama mkaguzi. Alikumbusha kwamba mama yake ana presha na akauliza hospitali ya karibu iko wapi. Jumana alipiga simu kutoka Sur. "Baba, hii nyumba ya gari, yaani, Mama atafanya nini ndani yake? Upepo ya huko nguvu sana, wallahi." Marhoun akamjibu kwamba ndiyo sababu amenunua mambo za chuma.

Hakutulia. Aliitia karavani grisi, akaibadilisha matairi, akaifunga rafu ya vikombe, akaifungua kwa kuwa imekaa juu, akaifunga tena chini. Mara mbili aliivuta mpaka nje ya mji akageuza, kusikia tu inavyofuata. Mwezi wa Mei ukaingia na Kuruthum bado hajasema ndiyo wala siyo. Lakini siku moja alimwona na kitambaa cha kijani mapajani, akamuuliza cha nini, akaambiwa ni mapazia ya vile vidirisha, maana haiwezekani watu walale wanaonekana. Marhoun alitoka nje haraka asije akaonekana anavyofurahi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, watu husema, lakini yeye masikio yake yalikuwa kwenye injini.

Ikawa wiki ya kwanza ya Juni, alasiri, jua limeanza kulegea. Marhoun alikuwa amelala chali chini ya karavani anakaza nati za ekseli. Kuruthum alikuja na mapazia yaliyokamilika, akapanda ndani, na Marhoun akamsikia juu yake akiyapachika na kutembea hatua tatu tatu, maana nafasi ilikuwa ya hatua tatu. Kisha akasikia kitanda kikilia, ameketi. Akaanza kuuliza maswali kupitia mlango uliokuwa wazi. Choo kinamwagwa wapi. Samaki watakaangwa ndani au nje. Wanawake wa Ashkhara wakija kumwamkia, na lazima watakuja, watakaa wapi. Yalikuwa maswali ya mtu anayekwenda. Marhoun alijibu moja moja, moyo umejaa, anakaza nati iliyokwisha kukazika.

"Na sala," Kuruthum akauliza. "Miezi mitatu ni mingi. Tutasali nne au mbili?"

Lilikuwa swali la kawaida kwa watu wao. Kwa madhehebu yao ya Kiibadhi, mtu akitoka mjini kwake mwendo wa kilomita kumi na mbili huwa msafiri, na sala za rakaa nne huzifupisha zikawa mbili. Na hata akikaa mahala mwaka mzima hubaki msafiri, madhali hajatia nia ya kupafanya hapo kuwa kwao. Nia ndiyo inayomfanya mtu mkaazi. Na mke humfuata mumewe.

"Mbili tu, Mama Anas," alisema Marhoun kutoka chini. "Kama hapa."

Alikuwa amekwisha kulitamka ndipo akalisikia. Spana ikamwanguka kifuani.

 Kule juu kitanda kikalia tena na miguu ya Kuruthum ikashuka ngazi, ikasimama karibu na kichwa chake. Aliiona miguu hiyo na pindo la suruali lenye taraza, haisogei.

"Hapa wapi?"

Angeweza kusema ulimi umeteleza. Angeweza kucheka. Lakini Marhoun hakuwa hodari wa uwongo. Alichokuwa hodari nacho ni kutokuwepo. Akajivuta kutoka chini ya karavani, grisi usoni, akakaa pale pale mavumbini, akamwambia.

Siku walipotelemka Matrah, bandari ya Maskati, baba yake aliwakusanya watoto na kuwaambia wasitie nia. Mambo ya Afrika yakitulia tutarudi Nzega, aliwaambia, hapa tunapita. Mzee akafa mwaka wa pili, nia hajaitia. Marhoun akaendelea. Msikitini alisali nne nyuma ya imamu kama watu wote, kwani msafiri akimfuata mwenyeji hutimiza naye. Lakini sala alizozisali peke yake nyumbani, mlango umefungwa, zote zilikuwa mbili mbili. Mwanzo ilikuwa utii. Kisha ikawa mazoea. Kisha likawa jambo ambalo halishikiki, kila mwaka akijiambia mwakani. Mwaka 1996 alikwenda Nzega, akakuta duka la baba yake ni la watu wengine na hakuna anayemjua ila kizee mmoja, naye alimdhania kuwa ni baba yake. Alilala siku tatu akarudi. Na aliporudi akasali mbili. Hakupata kumuuliza sheikhe yeyote, kwa kuwa alijua vizuri sheikhe atamwambia nini mtu mwenye nyumba, mke na watoto.

Kuruthum hakumkatiza. Alipomaliza, alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Ndiyo maana hujapata kunisalisha hata siku moja. Kila nikikwambia tusali pamoja, unanambia nitangulie."

"Ungeona natoa salamu rakaa mbili zikitimia."

"Nimekaa hapa peke yangu, basi. Miaka thelathini. Nimefunga ndoa na mgeni." Akatazama upande wa mlima, yaliko makaburi, ambako mwaka 1983 walimzika mtoto wao wa miaka minne aliyekufa kwa homa. "Na Azza, Baba Anas? Azza tulimzika njiani?"

 Kuruthum alikwenda zake ndani, na mapazia ya kijani aliyaacha yananing'inia.

Alitegemea ugomvi. Alitegemea kununiwa, jambo ambalo mwanamume yeyote aliyeoa analijua na huweza kulisubiri lipite. Alichokipata hakukitegemea. Asubuhi ya pili kifungua kinywa hakikuwa jikoni. Kilikuwa kimeandaliwa majlisi, chumba cha wageni, juu ya sinia kubwa la sikukuu, na halua, na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo watoto wake hawakuruhusiwa kuvigusa. Kuruthum aliingia na birika na beseni, akammiminia maji anawe mikono. Akamfukizia udi. Akamkaribisha kwa maneno yote ya adabu, akamwita mgeni wetu, akatoka, akala peke yake jikoni.

Mchana ikawa hivyo hivyo, na wali wa nyama. Usiku vivyo hivyo, na akatandikiwa godoro la wageni kwenye majlisi, shuka mpya, mtungi wa maji upande wa kichwani. Marhoun alimwambia basi, yatosha. Kuruthum akamjibu kwa upole kwamba mgeni haulizi, hupokea. "Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi nilikupa jembe siku ya kwanza, sikujua. Nisamehe. Ngoja nikupe haki yako."

Siku tatu za ugeni zilimkondesha kuliko kufunga. Alikula vitamu na kila tonge lilikwama. Alitembea chumba kile kutoka dirisha hadi mlango, akasikia sauti ya Kuruthum jikoni akizungumza na wanawake wa jirani habari ya masufuria ya tende, akicheka, sauti ya mwenye nyumba. Aliona aibu, kisha akaona hasira, kisha aibu tena. Alipita uani akakutana na Zuhair, ambaye alimuuliza mbona amevaa sura ya mtu aliyepotelewa na ngamia, na kwa mara ya kwanza hakumrudishia mzaha.

Siku ya nne hakuweza zaidi. Kabla ya jua kuchomoza aliifunga karavani nyuma ya Landkruza. Kama hujui ufanye nini, washa gari: hiyo ndiyo elimu pekee aliyokuwa nayo. Kuruthum alitoka mlangoni amebeba kikapu, kama mwenyeji anavyomfungia mgeni masurufu ya njiani. Mlikuwa na mikate, samaki wa kukaanga na chupa ya kahawa. Alikitia kwenye kiti cha mbele, kile ambacho Marhoun alikuwa amekinunulia mto mpya kwa ajili yake.

"Karibu tena," akamwambia, akarudi ndani.

Aliendesha. Barabara aliijua kwa moyo, kupita kandokando ya machuguu ya mchanga ya Wahiba, Al-Kamil, Jaalan. Karavani ilifuata kama ng'ombe mtiifu. Baada ya Jaalan vioo vikaanza kupoa, akafungua dirisha, na upepo wenye chumvi ukamwingia kifuani. Saa tano alikuwa ameshachagua mahali, juu kidogo ya mchanga mkavu, sawasawa na alivyochora kwenye daftari. Akapiga mambo za chuma. Akafungua viti viwili vya kukunja kabla hajakumbuka, akakikunja kimoja. Bahari ilikuwa imechafuka, mawimbi meupe mpaka upeo wa macho, mashua zote zimevutwa juu, na baridi ilikuwa ile ile aliyoisimulia. Kila kitu kilikuwa kama alivyopanga. Akakaa. Akasimama. Akazunguka karavani mara mbili, akapiga teke gurudumu, akakaa tena.

Adhuhuri ilipoingia alitandika mkeka upande usio na upepo akasali. Rakaa mbili, akatoa salamu. Na alipotaka kuunganisha alasiri, kama wafanyavyo wasafiri, akasimama akashindwa kuileta takbira. Kitu kilikuwa kinamkera tangu njiani, na sasa kilimjia waziwazi. Asubuhi ile, alipotoka Ibra, jicho lake lilikuwa kwenye kilomita za dashibodi. Namba zilipofika kumi na mbili alijiambia moyoni, haya, sasa umekuwa msafiri. Alikuwa akijiambia hivyo kila safari, miaka yote ya gari la maji, wala hakupata kulifikiri. Alikuwa akihesabu kutoka wapi? Hakuna mtu anayekuwa msafiri kwenye kilomita ya kumi na mbili kutoka mahali pasipokuwa kwao. Hakuwa akihesabu kutoka Nzega. Alikuwa akihesabu kutoka mlango wa jikoni wa Kuruthum.

 Alikaa juu ya ule mkeka, mzee wa miaka hamsini na tisa, akalia machozi ya wazi, na upepo ukamkausha upande mmoja wa uso. Alilia kwa ajili ya baba yake, aliyekufa akingoja. Alilia zaidi kwa ajili ya Azza, ambaye siku ya maziko yake yeye alirudi nyumbani akafunga mlango akasali mbili.

Simu ya mkononi ilishika mtandao baada ya yeye kupanda juu ya boneti. Kuruthum aliitikia kama anavyoitikia mgeni.

"Kuruthum," alisema; kwa miaka hakuwa amemwita kwa jina. "Nimesali adhuhuri mbili."

"Ndivyo usalivyo."

"La. Hizi ni za safari. Nimetoka kwangu, Ibra, nimekuja mpaka hapa, nikafupisha. Sikiliza. Nimetoka kwangu."

Upande wa pili wa simu alisikia chombo kikiwekwa chini.

"Maneno ya kwenye simu hayo," Kuruthum alisema, na sauti yake haikuwa imara. "Mimi nimesikia maneno mengi kwenye simu, ulipokuwa Adam, ulipokuwa kwingineko. Njoo uzisali nne hapa, mbele yangu, nizione kwa macho yangu. Ukizisali, tende zikishapikwa n'takwenda nawe huko mwezi mmoja, siyo mitatu. Usipoziweza, baki na bahari yako na mimi n'takuombea salama."

Alimkabidhi karavani mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu hapo karibu, akamwambia anakwenda nyumbani na atarudi. Landkruza bila mzigo ilikuwa nyepesi. Hakusimama Jaalan wala Al-Kamil, na joto lilimrudia kidogo kidogo mpaka likawa moto ule ule wa Ibra, ukuta na barabara na usukani, na hakuna siku alipata kuutamani kama siku ile. Sauti ya muadhini wa alasiri ilikuwa inamalizia alipozima gari uani. Zuhair, aliyekuwa akienda msikitini, alimpungia mkono amfuate. Marhoun akamwashiria kwamba leo atasali ndani.

Ndani ya chumba chao Kuruthum alikuwa ametandika mikeka miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Alikuwa amejitanda buibui la sala. Hawakusalimiana. Marhoun alikwenda kutia udhu, akaosha mavumbi ya njia nzima, akarudi maji yanamtiririka ndevuni, akasimama mbele. Alisimama kwa muda mrefu bila kuanza. Nyuma yake hakuna aliyemhimiza. Alikuwa akiitafuta nia, na ilipokuja haikuwa na maneno makubwa: hapa, mji huu, nyumba hii, mpaka kufa. Akaleta takbira.

Rakaa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Akakaa kwa tahiyatu, na ulimi wake ulipofika pale ambapo kwa miaka thelathini na miwili ulikuwa ukigeuka kutoa salamu, ulitaka kugeuka wenyewe. Aliuzuia. Akaegemeza viganja juu ya mapaja, magoti yakauma, akainuka kwa ya tatu. Na nyuma yake akasikia pumzi ya Kuruthum ikikatika, kisha buibui likisuguana na mkeka, na magoti yake naye yakilia, akiinuka pamoja naye.